Chumba kisicho na dirisha: Aliyonijibu binti baada ya mama yake kuniuliza

Wiki chache zilizopita mama mmoja, msomaji wa safu hii, alinitumia ujumbe mrefu ukiambatana na michoro miwili ya vyumba. Binti yake wa miaka 26 amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili kaskazini mwa Marekani, na chuo kimempa machaguo mawili ya makazi.

La kwanza ni jengo jipya. Angekuwa na chumba chake mwenyewe chenye choo na bafu ndani, na jiko kubwa la kutumia pamoja na wenzake sita. Kutoka hapo hadi darasani ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. La pili ni chumba cha kujitegemea katika nyumba ya zamani mjini, nusu saa kwa basi, kodi karibu ile ile. Tofauti ambayo mama hakuielewa ni moja: chumba cha jengo jipya hakina dirisha hata moja.

Aliniuliza kama hilo lina madhara kiafya, kwa sababu binti huyo anatumia dawa za kifafa tangu akiwa kidato cha pili. Siku za kulipia malipo ya awali zilikuwa zinakaribia, na mama hakutaka kumtuma mwanawe mbali kwa kubahatisha.

Kwa ruhusa yao wote wawili, na baada ya kuficha yanayoweza kuwatambulisha, nalijadili suala hili leo. Linakuhusu hata kama mwanao hasafiri kwenda popote, kwa kuwa vyuo vyetu navyo viko katika msimu wa kujenga.

Kwa nini mtu ajenge chumba bila dirisha

Usidhani ni uzembe wa fundi. Vyumba vya namna hii vilipangwa kwa makusudi, na hoja zake zinastahili kusikilizwa.

Mfano unaojulikana zaidi uko Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor. Mwaka 2013 tajiri Charlie Munger, makamu mwenyekiti wa kampuni ya Berkshire Hathaway, alikipa chuo hicho dola milioni 110, sehemu kubwa ikiwa ya kujenga makazi ya wanafunzi wa shahada za juu. Jengo lilifunguliwa mwaka 2015 na linachukua wanafunzi wapatao 630. Limegawanywa katika makundi ya vyumba sita au saba, kila mwanafunzi na chumba na bafu lake, na katikati kuna sebule na jiko pana lenye mwanga. Vyumba vingi vya kulala havina madirisha.

Munger hakuwa msanifu majengo, lakini alikuwa na nadharia yake. Aliona kwamba mwanafunzi wa uzamivu hujifungia na utafiti wake hadi akasahau watu. Ukikifanya chumba kiwe cha kulala tu, atatoka kwenda sebuleni, na huko mwanasheria atakutana na mhandisi na daktari. Pia alitaka kila mmoja awe na chumba chake. Ukitaka vyumba vingi vya mtu mmoja ndani ya jengo moja nene, hesabu inakulazimisha kuweka vingine katikati, mbali na kuta za nje.

Baadaye alitaka kufanya jambo kubwa zaidi katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, safari hii kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza: ghorofa 11, wanafunzi wapatao 4,500, na zaidi ya asilimia 90 ya vyumba bila dirisha la kweli, bali taa za kuiga mwanga wa jua. Oktoba 2021 msanifu Dennis McFadden alijiuzulu katika kamati ya chuo iliyokuwa ikipitia michoro, akisema hawezi kuunga mkono jengo hilo akiwa msanifu, mzazi na binadamu. Mjadala ulienea dunia nzima. Mwaka 2023 chuo kiliachana na mpango huo na kuanza kutafuta michoro mingine. Munger alifariki Novemba mwaka huo huo.

Kule Michigan jengo lipo na watu wanaishi. Wapo waliolisifu kwa utulivu, usafi na marafiki waliowapata. Wapo pia waliolalamika kwamba waliamka bila kujua kama ni usiku au mchana. Malalamiko hayo ya pili ndiyo yanayomhusu daktari.

Mwili unajuaje kuwa kumekucha

Ndani ya ubongo wako kuna saa. Hiyo ndiyo inayokufanya usinzie usiku na uwe macho mchana, na ndiyo inayopandisha na kushusha joto la mwili na baadhi ya homoni kwa ratiba. Wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017 kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli.

Kwa watu wengi saa hiyo huchelewa kidogo kila siku ikiachwa yenyewe. Kinachoirekebisha ni mwanga unaoingia machoni, hasa wa asubuhi. Na hapa taa na jua si vitu vinavyokaribiana. Mwanga hupimwa kwa luksi. Taa za kawaida za sebuleni hutoa luksi mia moja hadi mia chache. Nje, hata siku ya mawingu, unaweza kupata luksi elfu kadhaa, na jua kali la mchana hufika takriban luksi 100,000. Macho yetu huzoea haraka, ndiyo maana hatuioni tofauti hiyo kuwa kubwa kiasi hicho, lakini saa ya mwili inaiona.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2014 uliwalinganisha wafanyakazi 49 wa ofisini huko Marekani. Waliokaa karibu na madirisha walilala wastani wa dakika 46 zaidi kwa usiku, siku za kazi, kuliko waliokaa ofisi zisizo na madirisha. Ni utafiti mdogo, na wale walikuwa kazini, si chumbani. Hata hivyo unaelekea upande ule ule ambao elimu ya saa ya mwili inatuelekeza.

Sasa ongeza msimu wa baridi. Sisi wa Dar es Salaam au Mombasa tumezoea mchana wa takriban saa 12 mwaka mzima. Ann Arbor, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama mnamo saa 11 jioni. Mwanafunzi aliyelala chumba kisicho na dirisha, akaingia maabara asubuhi na kutoka jioni, anaweza kumaliza wiki bila kuliona jua isipokuwa njiani.

Kwa mtu mwenye kifafa, suala la usingizi ni la usalama. Kukosa usingizi ni miongoni mwa vichocheo vinavyojulikana zaidi vya shambulio la kifafa, sambamba na kuruka dozi na kunywa pombe. Kwa hiyo wasiwasi wa mama yule ulikuwa na msingi.

Dirisha si la mwanga tu

Kazi ya pili ya dirisha ni hewa, na hapa ndipo mjadala unaporudi nyumbani.

Jengo la aina ya Michigan huvuta hewa kutoka nje kwa mitambo, saa 24. Mitambo ikitunzwa vizuri, mtu anaweza kupata hewa safi bila dirisha. Lakini jiulize: hapa kwetu umeme ukikatika saa nne usiku, chumba kile kitavuta hewa kutoka wapi? Mchoro unaovumilika mahali penye umeme wa uhakika unaweza kuwa hatari mahali penye mgawo.

Isitoshe, dirisha linalofunguka ni kinga ya bei rahisi dhidi ya kifua kikuu, ugonjwa unaosambaa kwa hewa. Mwaka 2007 watafiti waliofanya kazi katika hospitali za Lima, Peru, walichapisha vipimo vya hewa wodini. Madirisha na milango ilipofunguliwa, hewa ya chumba ilibadilika mara 28 kwa saa. Vyumba vilivyotegemea mitambo vilikadiriwa mara 12. Na majengo ya kabla ya 1950, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, yaliyapita mbali yale ya kisasa. Waliojenga zamani hawakuwa na dawa za kutosha, wakategemea upepo.

Sasa fikiria chumba cha hosteli kilichopangwa kwa wanafunzi wanne ambamo wanalala sita au saba, kwa ule mtindo wa kubebana ambao kila aliyepita chuo anaufahamu. Dirisha lipo, lakini limezibwa na kabati, au halifunguliwi kwa kuogopa mbu na wezi. Mmoja ana kikohozi cha wiki tatu. Chumba hicho kina dirisha kwenye ramani tu.

Na tahadhari nyingine ambayo nisingependa uipite: kamwe usiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, iwe kwa kupika au kwa kuota moto. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, halafu hulala asiamke. Mwambie hivyo mwanao anayepanga chumba mtaani, na umwambie hivyo anayekwenda nchi ya baridi.

Mwanafunzi wa uzamili si mtoto wa bweni

Mipango mingi ya makazi ya vyuo humfikiria kijana wa miaka 20 asiye na mke, mume wala mtoto. Hosteli zilizofunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2017, zenye nafasi 3,840, zilikuwa jibu la dhiki kubwa na halali ya wanafunzi waliokuwa wakihangaika mitaani. Hivi sasa vyuo vya umma vinaendelea kujenga kupitia mradi wa HEET, unaotokana na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021, na mabweni ni sehemu ya majengo hayo. Huu ndio wakati wa kuuliza yanajengwa kwa ajili ya nani.

Mtu anayerudi chuo akiwa na miaka 30 ana mahitaji mengine. Mama wa mtoto wa miezi minne anatakiwa anyonyeshe maziwa ya mama pekee mpaka mtoto afikishe miezi sita. Bweni lisiloruhusu mtoto linamlazimisha achague kati ya ushauri huo na masomo. Mwanafunzi mwenye shinikizo la damu au kisukari anahitaji mahali pa kupikia chakula chake, na wa kisukari anayetumia insulini anahitaji jokofu. Sehemu ya kuweka ndoo na soketi ya kuchajia simu haiwatoshi.

Fikiria pia daktari anayesomea ubingwa. Ukifika hospitali kubwa ya kufundishia saa tisa usiku, anayekupokea mara nyingi ni mwanafunzi wa uzamili. Atamaliza zamu asubuhi na kwenda kulala wakati mabweni yanaamka na muziki umeanza. Huyu anahitaji dirisha lenye pazia zito na jirani mtulivu. Usingizi wake unakuhusu wewe mgonjwa moja kwa moja, kwa kuwa ndiye atakayeandika dozi yako usiku unaofuata.

Halafu kuna upweke. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha wanafunzi 2,279 wa shahada za juu kutoka nchi 26, ulikuta asilimia 39 wana dalili za sonona za kiwango cha kati hadi kikali, na asilimia 41 wana dalili za wasiwasi za kiwango hicho. Waliojibu walijitolea wenyewe, hivyo huenda wenye shida walijitokeza zaidi. Hata ukizipunguza takwimu hizo nusu, bado zinatisha. Kwa hili Munger alikuwa ameona tatizo la kweli. Alikosea kudhani kwamba ili mtu akutane na wenzake ni lazima umnyime jua.

Jibu nililompa mama

Nilianza kwa kumkumbusha kwamba binti ni mtu mzima na mwili ni wake. Nikaomba nizungumze naye mwenyewe, naye akanipigia.

Nilidhani tungezungumza kuhusu mwanga. Lakini nilipomuuliza anapendelea chumba kipi, alijibu bila kusita: kile cha nyumba ya zamani. Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya dirisha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hapana. Alikitaka kwa sababu pale angeishi peke yake, na siku akianguka hakuna atakayemwona. Alipokuwa shahada ya kwanza alianguka mbele ya wenzake chumbani. Hawakumcheka, lakini wawili walihama.

Ndugu msomaji, kwa maneno hayo hesabu yangu yote ilibadilika. Mtu mwenye kifafa anayeanguka usiku bila mtu karibu yuko katika hatari kubwa zaidi kuliko anayelala chumba kisicho na dirisha. Jua anaweza kulifuata nje kila asubuhi. Mtu wa kumgeuza ubavu wakati wa shambulio hawezi kumfuata, lazima awepo.

Kwa hiyo nilimshauri asichague kati ya vile viwili kabla ya kuomba cha tatu. Vyuo vya Marekani vinabanwa na sheria kuwazingatia wanafunzi wenye ulemavu na maradhi ya kudumu, na vina ofisi maalumu kwa kazi hiyo. Taarifa anazotoa pale hazitangazwi kwa wenzake. Katika majengo ya namna hii kwa kawaida kuna vyumba vichache vya pembeni vyenye madirisha. Aandike kuomba kimoja kwa sababu za kiafya, aambatishe barua ya daktari wake. Kikikosekana, mimi ningechagua jengo lenye watu, kwa masharti matatu: atoke nje angalau nusu saa kila asubuhi baada ya jua kuchomoza, alale na kuamka saa zile zile hata Jumapili, na asifunge mlango wa bafu kwa ufunguo anapooga.

Na sharti la nne, ambalo lilikuwa gumu kwake: amweleze japo mmoja kati ya wale sita. Si lazima wote. Amfundishe mambo machache tu: atazame saa, amgeuzie ubavu, aondoe vitu vigumu karibu na kichwa, asimshikilie kwa nguvu, asimtie chochote mdomoni, na apige simu ya dharura endapo shambulio litapita dakika tano au litajirudia kabla hajazinduka.

Aliniambia atafikiri. Siku nne baadaye mama aliandika kwamba barua imetumwa na ofisi imejibu ikitaka cheti cha daktari. Kuhusu sharti la nne hakusema kitu, nami sikuuliza.

Uulize nini kabla ya kulipa

Ikiwa mwanao anakwenda chuo, au wewe mwenyewe unarudi darasani, fanya yafuatayo kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, uliza kama chumba kina dirisha, kama linafunguka na kama lina wavu wa mbu. Picha za matangazo huonyesha sebule. Omba picha ya chumba cha kulala mchana, taa zikiwa zimezimwa.

Pili, uliza kitanda kiko wapi. Mwenye kifafa asilale kitanda cha juu cha deka, na mwenye pumu asiwekwe kwenye ukuta wenye ukungu.

Tatu, uliza ni watu wangapi wamepangwa chumbani, na ni wangapi wanaolala humo kweli kweli.

Nne, uliza umeme ukikatika kunatokea nini kwenye hewa, maji na taa za ngazi, na kama kuna njia ya pili ya kutokea moto ukizuka.

Tano, uliza kituo cha afya cha karibu kiko umbali gani, na kama kinafanya kazi usiku.

Sita, kwa mwenye ugonjwa wa kudumu: beba dawa za kutosha kuanzia, pamoja na barua ya daktari yenye majina halisi ya dawa na dozi. Anayevuka saa za dunia aulize mapema jinsi ya kupanga muda wa kumeza. Kati ya Dar es Salaam na Michigan kuna tofauti ya saa saba au nane kulingana na msimu.

Na baada ya kuhamia, mzazi, usiishie kuuliza kama amekula. Muulize analala saa ngapi na anaamka saa ngapi, na jana alizungumza na nani. Usingizi uliovurugika kwa zaidi ya wiki mbili, kukata tamaa, kujitenga na watu au kikohozi kisichoisha ni dalili za kumpeleka kwa mtaalamu wa afya. Kwa mwenye kifafa, shambulio lolote jipya baada ya muda mrefu wa utulivu lisisubiri likizo.

Kwa wanaopanga majengo yetu, naomba jambo moja. Kabla mchoro haujapitishwa, mwiteni mwanafunzi wa uzamili mwenye mtoto, mwiteni daktari wa zamu ya usiku, mwiteni na yule anayemeza dawa kila siku. Wakae ndani ya kile chumba kwenye karatasi na waeleze siku yao inavyokwenda, tangu kuamka hadi kulala. Kusogeza dirisha kwenye karatasi kunagharimu kifutio. Ukuta ukishasimama, wanaolipa ni watakaolala humo.